Paka mgonjwa wa figo hataki kula: nisubiri au nimpumzishe?

SWALI: Shikamoo daktari. Paka wetu Chausiku ana miaka 14. Miezi mitano iliyopita alipimwa damu, tukaambiwa figo zimechoka. Alikuwa na kilo 4, sasa 2.6. Siku mbili hizi hajala, analamba mchuzi wa samaki tu, na amejichimbia chini ya kitanda. Ukimpapasa anakoroma kama zamani, ndiyo maana mume wangu anasema haumwi. Mama mkwe anataka tumpe robo ya Panadol. Nitajuaje kama muda umefika? Na hiyo sindano ya kumpumzisha inakuwaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Panadol kwanza: msimpe, hata chembe. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli kama letu. Damu yake hushindwa kubeba oksijeni, fizi zikageuka rangi ya udongo, uso ukavimba, akafa huku anahema. Mama mkwe asilaumiwe, ni dawa ya kila nyumba. Diklofenaki nayo iwekeni mbali, hiyo itazimaliza figo zilizobaki.

Huko kukoroma kusiwadanganye. Paka hukoroma akiwa na raha, na hukoroma vilevile akiwa na maumivu au hofu. Mtazame anavyojificha, manyoya yaliyosimama kwa kuacha kujilamba, anavyojikunja bila kulala.

Figo zikishaharibika hazioti upya, na dalili huonekana wakati sehemu kubwa ya kazi yake imeshapotea. Uchafu uliotakiwa kutoka na mkojo unabaki kwenye damu. Mnuse mdomo: kama unanuka mkojo, huenda ana vidonda kinywani na kichefuchefu kikali. Kwa hiyo hadeki. Anatamani chakula, kikifika puani kinamchefua.

Kabla hujaamua lolote, mpeleke leo kwa daktari wa mifugo, maana paka asiyekula siku mbili tatu ini lake huanza kujaa mafuta, likawa tatizo la pili. Omba dawa ya kichefuchefu na maji ya dripu chini ya ngozi. Haya ya pili unaweza kufundishwa uendelee nyumbani: unainua ngozi katikati ya mabega, unachoma, unaacha yaingie kwa kiasi alichoandika daktari. Nundu itakayotokea hunywea baada ya saa chache. Chakula kipashe moto kidogo kitoe harufu, na usimlazimishe kwa kumbana mdomo.

Mpe siku tatu nne. Chagua mambo mawili matatu yaliyo yake hasa, kwa mfano kukaa dirishani, kukupokea mlangoni, kwenda mwenyewe kwenye mchanga wake. Kila jioni andika kwenye kalenda kama siku ilikuwa njema au mbaya. Mbaya zikizidi njema, muda umefika. Katika kazi yangu, wengi wanaorudi kwangu na majuto ni wale waliosubiri mpaka paka akaanza kupigwa degedege.

Sindano ni mbili. Ya kwanza ni ya usingizi, unakaa naye mpaka asisikie kitu. Ya pili, kwa kawaida dawa ya jamii ya nusukaputi iliyozidishwa, huingia kwenye mshipa na moyo husimama ndani ya dakika chache. Macho hubaki wazi, anaweza kuvuta pumzi moja mbili na kutoa mkojo, lakini hapo hayupo tena. Muulize daktari mapema: “Utamlaza kwanza?” Akijibu hapana, tafuta mwingine. Suala la dini muulizeni shekhe au mchungaji wenu, mimi nimesomea wanyama tu.

Mwombe aje nyumbani kama inawezekana, Chausiku asimalizie siku yake kwenye boksi la bajaji. Akishakufa, mviringe kwenye kanga, si mfuko wa plastiki, na chimbeni karibu mita moja, mbali na kisima. Ile dawa hubaki mwilini, na mbwa au kunguru akimfukua na kumla naye anaweza kufa.