Jibu: Ohsumi na habari ya kufunga saa 16

Ndugu, umeuliza kama kweli Mjapani Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba ya 2016 kwa kuthibitisha kwamba kufunga (kutokula) kwa saa 16 kunasafisha mwili. Hapana. Alichochunguza ni seli za hamira, hii hii ya maandazi.

Seli hujila yenyewe, ndiyo otofaji: hufunga vipande vyake vilivyochakaa ndani ya vifuko, ikavipeleka kwenye chumba chenye vimeng'enya (protini zinazovunjavunja vitu) vikavunjwe, malighafi itumike upya. Kwenye hamira vifuko hivyo ni vidogo na huvunjwa haraka, hadubini haivioni. Ohsumi akachukua hamira iliyokosa vimeng'enya hivyo, akainyima chakula. Baada ya saa chache tu, chumba kimejaa vifuko! Kila nikiifikiria mbinu hiyo nafurahi upya, kwa vile ilivyo rahisi. Mwaka 1993 akatangaza jeni 15 ambazo bila hizo otofaji haiendi.

Kwa hiyo njaa kuamsha otofaji ni kweli. Saa ngapi kwa binadamu, hilo hakulipima. Na huyo mama yako uliyemtaja, anayetumia dawa za kisukari, tafadhali asianze kufunga kabla ya kuongea na daktari wake. Sukari inaweza kushuka ghafla.