Leza haina kosa, kagua paipu kwanza

Wiki yangu ya kwanza na mashine ya leza ya kupima gesi niliimaliza nikisaka chanzo cha kabonidayoksaidi, kumbe chanzo ni mimi. Kila nikiinama kukaza nati ya paipu inayoleta hewa kwenye mashine, mstari kwenye skrini unapaa. Nikiondoka, unashuka. Hewa ya kawaida ina takriban sehemu 420 za gesi hiyo kwa milioni. Pumzi tunayotoa ina kama 40,000. Kiungo kimoja kilikuwa kinavuja, nami nikawa napimwa bila kujua.

Aibu ile ndiyo imekuwa mbinu yangu ya kutafuta mivujo. Washa pampu, chukua mrija wa kunywea, pulizia kila kiungo taratibu, kimoja kimoja, kisha subiri hewa isafiri hadi ndani ya mashine. Namba ikiruka, tundu umelipata. Povu la sabuni liache kabisa. Paipu hii inavuta, haisukumi, kwa hiyo hutaona mapovu yakifura, na maji ya sabuni yanaweza kufyonzwa hadi kwenye vioo.

Vioo vikiharibika huna mashine. Aina ninayotumia hunasa mwanga kati ya vioo vinavyorudisha zaidi ya asilimia 99.99 ya mwanga unaovigonga. Unadunda huku na huku mara nyingi mno, hata chumba cha vioo kilicho kifupi kuliko mkono kinaupa mwanga safari ya kilomita kadhaa. Ndiyo maana gesi iliyo chache kiasi cha sehemu kwa bilioni huonekana. Leza huzimwa ghafla, kisha mashine hupima mwanga uliobaki unafifia kwa kasi gani. Gesi inayofyonza rangi ile ya mwanga huufifisha haraka zaidi. Vumbi nalo hivyo hivyo! Kwa hiyo kila mwezi pitisha hewa kavu, safi ya mtungi, andika muda wa kufifia kwenye daftari. Ukiona unapungua mwezi hadi mwezi, badilisha chujio mapema. Usifungue chumba ufute vioo kwa kitambaa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chumba safi.

Unyevu nao una hila zake. Mvuke wa maji ukichukua asilimia 1 ya hewa, kila gesi nyingine inapungua kwa asilimia hiyo hiyo. Kwenye 420 ni kama 4 nzima, na mara nyingi badiliko tunalolitafuta ni dogo kuliko hapo. Programu ya mashine hurekebisha, lakini mimi huijaribu: nalowesha gesi ya mtungi ninayoijua kipimo chake, naangalia kama namba iliyorekebishwa inatulia palepale.

Kwa amonia, subira. Inang'ang'ania kuta za paipu, kisha inaachia polepole, na unaweza kudhani bado ipo hewani wakati imeshaisha. Paipu iwe fupi, ya plastiki isiyonata kama teflon, na ipashwe joto.

Jambo la mwisho linahusu gesi ya kulinganishia, ile ya mtungi ambayo kipimo chake kinajulikana. Wengi huiunganisha nyuma ya mashine kwa sababu ni rahisi, na hapo wanajaribu leza peke yake. Ingizia mwanzoni kabisa, pale hewa inapoingilia, halafu rudia nyuma ya mashine. Majibu mawili yakitofautiana, tofauti hiyo imetoka kwenye paipu, chujio au viungo, na mrija wako wa kunywea una kazi tena.