Je, Nikolaus Brender alifukuzwa ZDF?

Mkuu, umeuliza kama mwandishi wa habari Brender alifukuzwa kazi ZDF, kituo cha televisheni cha umma cha Ujerumani, kwa kushindwa kazi. Hapana. Mkataba wake haukuongezwa, na upinzani dhidi ya kuuongeza uliongozwa na wanasiasa.

Brender aliwahi kuripoti kutoka Amerika Kusini kwa ajili ya ARD, mtandao mwingine wa utangazaji wa umma wa Ujerumani, akapanda vyeo WDR, kituo kimojawapo cha ARD, na mwaka 2000 akawa mhariri mkuu wa ZDF. Hakuwa mtu wa kuyumbishwa na vyama. Usiku wa uchaguzi wa Septemba 2005, Kansela wa Ujerumani, Gerhard Schröder, alimshambulia kwa maneno mbele ya kamera, matangazo yakiwa mubashara, naye akaendelea kumbana kwa maswali.

Mwaka 2009 mkurugenzi mkuu wa ZDF, Markus Schächter, alipendekeza aendelee. Bodi ya usimamizi ya ZDF yenye wajumbe 14 ilitakiwa kumpa kura 9, akapata 7. Roland Koch wa chama cha CDU, waziri mkuu wa jimbo la Hessen, ndiye aliyeongoza upinzani, akitaja kushuka kwa idadi ya watazamaji wa habari. Kwangu mimi sababu hiyo haikutosha hata kidogo. Wanasheria 35 wa katiba walikuwa wameshaonya hadharani kuhusu uhuru wa kituo.

Brender aliondoka 2010, lakini suala la nguvu ya wanasiasa ndani ya ZDF likafika Mahakama ya Katiba ya Ujerumani. Machi 2014 ikaamua kwamba watu wa serikali na vyama wasizidi theluthi moja katika vyombo vya usimamizi vya ZDF. Hapo ndipo naona uzito wa jina lake, mkuu: sheria ilibadilika baada ya yeye kuondolewa.