Jibu: Dundu wa shaba mwenye pembe, huku Lamu yupo?

Dada, umeuliza kama dundu wa mavi kwenye picha uliyoweka, mwenye pembe iliyopinda, anapatikana Lamu kwa vile punda tunao tele. Mavi yapo, yeye hayupo. Huyo, kwa jina la kisayansi, ni Phanaeus vindex, mwenyeji wa Marekani.

Mwenye pembe ni dume, jike hana. Mabega ya shaba, mabawa ya kijani, na hakuna hata tone la rangi pale! Ni mwanga unaogonga matabaka membamba ya gamba na kurudi ukimeta, ndiyo maana hata akifa akakaushwa hung'aa miaka na miaka.

Wala haviringishi donge kwenda mbali, kama wengi wanavyodhani. Huchimba shimo papo hapo chini ya kinyesi, akashusha chakula, jike akafinyanga donge na kutaga yai moja. Buu akianguliwa, chakula kimemzunguka pande zote.

Wa kwetu, wengi weusi tu, watafute njia ya mchanga ya kwenda kijiji cha Matondoni, si mtaani kwenye saruji ambako hapachimbiki. Pindua mavi mabichi kwa kijiti, tafadhali, si kwa kidole.