Barua kwa mwanangu: mtupo wako wa mbali

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma jana usiku, nikaurudia leo asubuhi. Unasema katika mechi tatu zilizopita za mpira wa kikapu umetupa mara 9 kutoka nje ya mstari wa pointi tatu kwenye robo ya nne, ile ya mwisho, 5 zikaingia, lakini kocha bado anasita kukuachia mpira wa mwisho. Unaniuliza: je, mtupo wako unaimarika kweli mambo yakibana, au ni bahati tu?

Nakujibu kama mama yako, na kama mtu aliyecheza nafasi hiyo hiyo ya pointi gadi, mwenye kuongoza mashambulizi. Hiyo tano kwa tisa isikuleweshe. Mpira mmoja tu ungegonga ringi ukatoka, ungekuwa na nne, na pengine usingeniandikia. Mitupo tisa haitoshi kumsifu mtu wala kumlaumu.

Mimi jukwaani nilikuwa natazama miguu yako. Mwaka jana ukichoka ulitupa kwa nguvu za mikono peke yake, bila miguu. Mpira ulikwenda chini chini ukafia mbele ya ringi. Enzi zetu mstari ulikuwa mita 6.25, ungeweza kujitetea kwa mikono. Tangu mwaka 2010 FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, waliposogeza hadi mita 6.75, ile nusu mita inadaiwa kwenye magoti. Na sasa magoti yako yanakunjika hata dakika ya 38. Ukikosa, mpira unapita kidogo, haupungui. Hapo bahati haimo, mwanangu. Nilifurahi mpaka jirani yangu akanitazama.

Ila zote tano zilizoingia ulikuwa umesimama, mwenzako kaingia ndani akakurudishia mpira. Ukitupa kutoka kwenye kudunda, yaani mara tu baada ya kudundisha mpira mwenyewe, beki amekuganda, bado unaegemea nyuma. Kwa hiyo kocha hajakosea kusita, nawe hujakosea kuhisi kwamba umepiga hatua.

Nilikuwa nakusimulia habari za Jason Kidd, pointi gadi wa Marekani. Alipoingia NBA, ligi kuu ya Marekani, na timu ya Dallas mwaka 1994, alitia asilimia 27 tu ya mitupo yake ya pointi tatu. Msimu huo wenyewe ligi ilikuwa imeusogeza mstari karibu zaidi, mita 6.71 pande zote! Walimtania kwamba jina lake ni "Ason", maana "J" ndiyo herufi ya mtupo wa kuruka, "jump shot" kwa Kiingereza, na yeye hakuwa nao. Msimu wa 2009–10, mstari umesharudi mita 7.24, alitia zaidi ya asilimia 42. Lakini angalia ni mitupo gani: uzeeni mingi aliitupa amesimama, miguu imetulia, wengine wakiwa wamevuta mabeki. Hakujilazimisha kuwa mtu mwingine.

Mwaka 2011, fainali ya kanda ya Magharibi ya NBA, mechi ya nne kule Oklahoma City, Dallas walikuwa nyuma kwa pointi 15 zikiwa zimebaki dakika tano hivi. Wakasawazisha. Kwenye muda wa nyongeza, zikibaki sekunde 40, Kidd mwenye miaka 38 akapiga pointi tatu, ikawa 108 kwa 105, na mechi wakaishinda. Mwezi uliofuata walikuwa mabingwa. Alipostaafu mwaka 2013 alikuwa ametia pointi tatu 1,988, na wawili tu katika historia ya ligi walikuwa wamemzidi.

Basi fanya hivi. Gawa ukurasa wa daftari lako mara mbili: mitupo ya kusimama, na mitupo ya kutoka kwenye kudunda. Mazoezini kimbia uwanja mzima mara nne kwanza, halafu tupa kumi moyo ukiwa bado unadunda, uandike. Usiandike ile unayotupa umepumzika. Hiyo tunajua unaiweza. Mwambie na kocha, kwa adabu, kwamba ungependa mpira ukurudie ukiwa umesimama kona ya kushoto, hata kama wewe ndiye uliyeanzisha shambulizi.

Jumamosi nakuja. Nitakaa nyuma ya benchi lenu, na robo ya nne sitautazama ubao wa matokeo, nitatazama magoti yako.

Mama yako akupendaye