Picha kando: gemu yako imekaa wapi, na sevu yako imelala wapi?

Mkuu, umeuliza swali ambalo nimelisubiri muda mrefu: tangu konsoli zianze, kila kizazi kimeleta nini zaidi ya picha kuwa safi, na ilikuwaje Game Boy yenye kioo cha kijanikijani ikazibwaga mashine zilizokuwa na rangi? Waliotangulia wamekujibu kwa biti, yaani kipimo cha uwezo wa prosesa, ubongo wa mashine: 8, 16, 32, 64. Mimi nimecheza tangu utotoni, na kwa miaka mingi sasa nafungua konsoli za kale na kuzifufua, basi nitakujibu kwa yale niliyoyakuta ndani.

Kila ninapofungua mashine huwa natafuta mambo mawili. Gemu yenyewe iko wapi? Na ulichokifanya jana, yaani sevu yako, kimetunzwa wapi? Majibu ya hayo mawili yakibadilika, hapo kizazi kimebadilika kweli.

Anza na Magnavox Odyssey ya mwaka 1972, kazi ya Ralph Baer. Haikuwa na prosesa, haikuwa na kumbukumbu, hata sauti haikuwa nayo. Vikadi vyake viliunganisha tu saketi kwa namna tofauti, vidoa vya mwanga vikatokea kwenye runinga, nawe ukabandika plastiki angavu juu ya kioo ili iwe uwanja. Magoli mlihesabu wenyewe. Mwaka 1976 ikaja Fairchild Channel F, iliyobuniwa na timu ya Jerry Lawson, na programu ikahamia kwenye chipu ndani ya kaseti inayochomekwa na kuchomolewa. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote, maana kuanzia hapo mashine ikawa kitu kimoja na gemu kitu kingine. Mwaka uliofuata Atari 2600 ilitoka ikiwa na RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, ya baiti 128. Aya hii unayoisoma isingeenea humo.

Soko la Marekani likaporomoka mwaka 1983, gemu mbovu zikiwa zimejaa kila mahali. Mwaka huohuo Nintendo ikatoa Famicom huko Japani, na mwaka 1985 ikaipeleka Marekani kwa jina la NES. Watu husimulia Mario, na wana haki. Lakini fungua kaseti ya The Legend of Zelda iliyotolewa kwa NES mwaka 1987, utakuta betri bapa ya duara kama ya saa ya mkononi. Kabla ya hapo ukizima mashine umepoteza kila kitu, au unaandika msimbo mrefu kwenye karatasi ili kesho uuingize herufi kwa herufi. Betri ile inailisha chipu ya kumbukumbu umeme kidogo sana, usiku na mchana, kwa miaka. Umeme ukikatika tu, chipu inasahau.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nilikuwa na kaseti moja ya gemu ya mkononi niliyoicheza na kaka yangu kwa miaka, yeye akiongoza na mimi nikisoma ramani. Siku moja baada ya muda mrefu nikaiwasha, na menyu iliyokuwa na mistari miwili ikaja na mmoja tu: anza upya. Nikafungua kaseti, nikapima betri kwa mita. Ilipaswa kuwa volti 3, ikasoma volti 1 na ushee. Hakuna aliyekosea. Ilikuwa imefanya kazi yake hadi ikaisha. Nilikaa na ile kaseti mkononi muda mrefu bila kufanya chochote.

Sasa Game Boy. Ilitoka mwaka 1989 chini ya Gunpei Yokoi, mtu aliyeamini kwamba teknolojia iliyokomaa na ya bei nafuu, ukiitumia kwa namna mpya, inaishinda ile ya kisasa inayogharimu sana. Kioo chake kilikuwa cha nukta 160 kwa 144, vivuli vinne tu, bila taa ya nyuma. Nakumbuka nikiinamisha mashine huku na huku nikitafuta mwanga wa balbu ili nione tofali linaangukia wapi. Atari Lynx ilitoka mwaka huohuo ikiwa na rangi na taa, na Sega ikafuata na Game Gear mwaka 1990. Ukiziweka pamoja mezani, Game Boy inatia huruma. Lakini Lynx na Game Gear zilikula betri sita na kuzimaliza kwa saa chache, tatu hadi tano hivi. Game Boy ilitumia betri nne na ikapita saa kumi bila shida. Mtoto hajali vivuli vinne kama mashine bado inawaka mwisho wa safari. Ongeza Tetris, ile gemu ya kupanga matofali yanayoanguka, na ule waya wa kuunganisha mashine mbili ili marafiki wapambane, na matokeo yakawa mashine zaidi ya milioni 118 zilizouzwa, ukihesabu pamoja na Game Boy Color.

Kwa konsoli za runinga, badiliko lililofuata lilikuwa CD. PlayStation ilitoka Japani mwaka 1994, na CD moja ilibeba megabaiti 650 hivi, wakati kaseti kubwa kabisa za Nintendo 64 zilifikia 64. Muziki halisi na sehemu za video zikawezekana. Ila CD haiandikiki, kwa hiyo sevu ikahamia kwenye memori kadi: kilobaiti 128, vyumba 15. Kilikuwa kitu kizuri sana kile. Unaiweka mfukoni, unakwenda kwa rafiki, unaichomeka, na timu yako yote iko pale. Na chumba cha 15 kikijaa, mnakaa chini kujadili ya nani ifutwe.

PlayStation 2 ya mwaka 2000 ilisoma DVD, ikacheza na CD za mtangulizi wake, ikauzwa zaidi ya milioni 160. Xbox ya 2001 ikaja na diski kuu ndani, na kuanzia hapo sevu zikaanza kuhama kutoka mfukoni kwako. Nintendo Switch ya 2017 ikaunganisha ukoo wa runinga na ukoo wa mkononi, na naipenda kwa hilo. Lakini angalia kaseti yake: ukimwazima rafiki, unampa gemu tu. Safari yako imebaki ndani ya konsoli.

Na sasa gemu nyingi hazina hata kaseti. Machi 2023 duka la mtandaoni la 3DS na Wii U, konsoli mbili za Nintendo, lilifungwa kwa manunuzi, na gemu zilizouzwa humo peke yake hazinunuliki tena. Mwaka huohuo Video Game History Foundation ya Marekani ilichapisha utafiti: kati ya gemu zilizotoka huko kabla ya 2010, asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Hilo linaniuma kuliko betri yangu iliyokufa. Betri naweza kuibadilisha.

Na kama nawe una kaseti ya zamani yenye sevu unayoithamini, usingoje. Pata kifaa cha kusomea kaseti, unakili sevu kwenye kompyuta kwanza, kisha ndipo ubadilishe betri. Nunua yenye vipande vya bati vilivyokwisha kuungwa, maana kupasha moto betri yenyewe ni hatari. Angalia pande za chanya na hasi kabla ya kuilehemu. Kaseti yangu ya pale juu niliitia betri mpya, na kaka yangu alipokuja tukaanza upya. Ukishaifungua ya kwako, weka picha ya bodi hapa nikuambie inatumia betri ya aina gani.