Mafuriko ya Mirihi: maswali yenu ya wiki hii

Wiki iliyopita niligusia kwamba Mirihi ilishawahi kupigwa na mafuriko ya kutisha, basi meseji zikamiminika. Nachukua chache.

Mnajuaje ni maji na sio upepo tu?
Upepo nao unachonga, ila sio hivi. Mwaka 1971 chombo cha anga Mariner 9 kilifika kikakuta vumbi limefunika sayari nzima, ikabidi kisubiri, lilipotulia ndo yakaonekana mabonde ya ajabu, Kasei Valles peke yake ina zaidi ya kilomita 1,500. Na humo mabondeni kuna visiwa vyenye umbo la tone, yaani mbele kuna kreta (shimo lililochimbwa na kimondo) iliyoyagawa maji, nyuma yake udongo umebaki kama mkia mrefu uliochongoka. Ukiuona mkia ushajua maji yalielekea wapi.

Si ilikuwa mito tu ya kawaida?
Hapana. Mto una vijito vinavyouchangia, haya mabonde mengi yanaanza ghafla yakiwa mapana tayari, kwenye ardhi iliyobomoka vipandevipande. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba maji yalibanwa chini ya ardhi iliyoganda, presha ikazidi, yakafumuka na ardhi ya juu ikadidimia. Hiyo ni zaidi ya miaka bilioni 3 nyuma.

Kuna mtu kaenda kuhakikisha?
Mtu bado, roboti ndo zimeenda. 4 Julai 1997 Pathfinder ilitua makusudi mdomoni mwa Ares Vallis, moja ya mabonde hayo, na kwenye picha zake kuna mawe yameinama yakaegemeana upande mmoja, vilevile maji ya kasi yanavyoyaacha. Mimi hapo ndo huwa nasema basi, nimekubali.

Duniani yapo ya hivyo?
Yapo, jimbo la Washington, Marekani. Mwanajiolojia J Harlen Bretz alianza kuyaandikia mabonde ya huko 1923, akisema yamechongwa na mafuriko, wenzake wakambishia miaka na miaka, mpaka ikakubalika kwamba ziwa la kale, Missoula, lililozuiwa na barafu lilipasuka, tena zaidi ya mara moja. Medali ya Penrose, tuzo kubwa ya jiolojia, kaja kupewa 1979, mzee ana miaka zaidi ya 90! Picha za Mirihi zilivyokuja, wataalamu walilinganisha na hukohuko.

Kwa nini isiwe lava?
Swali zuri kuliko yote, na ubishi bado upo. Athabasca Valles kwa mfano, bonde jingine la Mirihi, sakafu yake imefunikwa na lava, kwa hiyo pale wengine wanasema maji hayakuhusika kabisa.